Ghala moja, kihisi kimoja, na neno "salama"



Baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza kuhusu kihisi cha joto na unyevu nilichokiweka kule Makueni, katika ghala la mahindi la kikundi cha akina mama ambacho shangazi yangu ni mweka hazina wake. Wengi mnataka kujua nilitumia vifaa gani na msimbo wenyewe ukoje. Nitaeleza vyote viwili. Lakini niwaambie mapema kwamba hiyo ndiyo sehemu rahisi. Kilichonikosesha usingizi ni neno moja la herufi sita: salama.

Haya, tuanze na vifaa.

Kihisi kinaitwa DHT22. Ni kidude cheupe cha plastiki chenye matundu mbele na miguu minne ya waya. Kinapima halijoto kwa tofauti ya nusu digrii hivi, na unyevu wa hewa kwa tofauti ya asilimia 2 hadi 5 juu au chini. Kila ukikiuliza, kinakujibu kwa biti 40: biti 16 za unyevu, 16 za joto, na 8 za kuhakikisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Usikiulize zaidi ya mara moja kila sekunde 2, hakitakuwa na jipya la kukwambia. Kuna ndugu yake wa bei nafuu, DHT11, ambaye joto lake hukosea hata kwa digrii 2 na unyevu kwa asilimia 5. Kwa mchezo wa mezani anatosha. Kwa chakula cha watu, ongeza pesa kidogo.

Kihisi nimekiunganisha na ESP8266, kipande kidogo cha tarakilishi chenye waifai ndani yake, ambacho kilianza kusambaa duniani mwaka 2014. Vyote viwili utavipata Luthuli Avenue hapa Nairobi ukiwa na subira ya kuingia maduka matatu manne. Ghalani kuna modemu ya laini ya simu, paneli ndogo ya sola na betri. Kila nusu saa kifaa hutuma mstari mmoja kwa seva yangu:

ghala=1&joto=24.6&unyevu=63.2&muda=2025-03-18T14:00:00+03:00

Basi, ni hilo tu. Upande wa seva kuna programu ya Python isiyofika mistari 200 na hifadhidata ya SQLite. Inapokea mstari, inauhifadhi, na inatoa ukurasa mmoja unaofunguka hata kwenye simu ya zamani. Hakuna picha, hakuna matangazo.

Kuna mtu atauliza: kwani hakuna huduma kubwa za kutunza vipimo kama hivi? Zipo. Lakini mnakumbuka Pachube? Ilianzishwa na Usman Haque kule London ili mtu yeyote aweze kushirikisha wengine vipimo vya kihisi chake. Mwezi Machi 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, watu kule Japani waliitumia kuonyeshana vipimo vya mionzi. Mwaka huo huo ikanunuliwa na LogMeIn ya Marekani. Mwaka 2012 ikabadilishwa jina ikawa Cosm, 2013 ikawa Xively, na 2018 Xively ikanunuliwa na Google. Majina matatu na wenyewe watatu katika miaka michache. Silaumu mtu, biashara ni biashara. Lakini ghala la kijijini halihitaji mtambo mkubwa hivyo. Linahitaji kitu kidogo ambacho kikiharibika, mtu anajua ampigie nani simu.

Sasa tuje kwenye mahindi.

Punje ya mahindi huvuta maji kutoka kwenye hewa na kuyarudisha, polepole, mpaka yenyewe na hewa vikubaliane. Kiwango kinachokubalika kwa mahindi ya kuuzwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 ndani ya punje. Hewa ya ghala ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 70 hivi kwa muda mrefu, punje huishia karibu na asilimia 14. Ikipanda zaidi ya hapo, ukungu unaanza kustarehe. Na kuna ukungu mmoja, Aspergillus flavus, ambao hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini.

Makueni hilo si somo la kitabuni. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Shangazi alikuwa mtu mzima aliyekwenda kwenye mazishi.

Ndiyo maana kikundi chao kilipojenga ghala la pamoja waliniita. Mahindi ya mvua za vuli huvunwa mwanzoni mwa mwaka, na kabla hayajauzwa, mvua za masika zinafika na hewa inajaa maji. Walitaka kujua ni lini ghala limeanza kuwa na unyevu, hata yule mwanachama anayefanya kazi Mombasa ajue, ili mlinzi aambiwe afungue milango mchana wa jua na kuifunga mvua ikianza.

Shangazi mwenyewe ana kipimo chake cha zamani. Anachukua chupa kavu ya kioo, anatia mahindi kidogo na chumvi kavu, anaitikisa vizuri, kisha anaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yana maji zaidi ya asilimia 15. Isiposhika, yamekauka kiasi cha kuhifadhika.

Alinionyesha hivyo siku niliyokwenda kufunga kihisi, kana kwamba ananiuliza: hicho chako kinazidi hiki kwa lipi? Nikacheka, kwa sababu mimi pia nilikuwa nimetumia chumvi. Ukitaka kujua kama kihisi chako kinasema kweli, lowesha chumvi ya jikoni kwa maji kidogo iwe kama uji mzito, iweke ndani ya mkebe unaofunga vizuri pamoja na kihisi, bila kugusana, uache saa kadhaa. Hewa ndani ya mkebe itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75. Changu kilisoma 77, kwa hiyo seva inapunguza 2 kabla ya kuonyesha, na inahifadhi namba zote mbili, iliyokuja na iliyorekebishwa.

Hivi ni kipimo kimoja, wadau. Chumvi huanza kunywa maji ya hewa ikifika asilimia 75, na mahindi yaliyokubaliana na hewa ya asilimia 75 huwa na maji karibu asilimia 15. Akina mama walikuwa na kihisi kabla yangu. Nilichoongeza mimi ni kwamba chupa ya Shangazi haiwezi kusomwa kutoka Mombasa.

Sasa kushirikisha watu namba kuna adabu yake. Nawaandikia zile nilizozingatia tangu nilipoandika mstari wa kwanza.

Ya kwanza ni muda. Namba isiyo na muda ni uvumi. Kihisi kikizimika saa nne asubuhi na ukurasa ukaendelea kuonyesha asilimia 63 mpaka jioni, mtu ataondoka ameridhika na namba ya maiti. Kwa hiyo kila kipimo kina nyakati mbili: kilipopimwa na kilipofika. Mtandao ukipotea, kifaa hutunza vipimo na kuvituma baadaye, na nyakati hizo mbili zinaonyesha hivyo. Saa mbili zikipita bila neno, namba inaondolewa kabisa na ukurasa unaandika: "Hatujui tangu saa nne asubuhi." Ndiyo, saa nne, si 10:00. Ndani ya hifadhidata saa ni za kimataifa, lakini ukurasa unasomwa na watu wanaohesabu saa kuanzia macheo, na seva haioni shida kupunguza sita.

Ya pili ni kutodanganya kwa saa ya kutazama. Chukua hewa ya alfajiri, digrii 18, unyevu asilimia 78. Jua likiipasha hewa hiyo hiyo mpaka digrii 25, kihisi kitasoma kama asilimia 51. Hakuna tone lililoondoka. Hewa ya joto inaweza kubeba maji mengi zaidi, kwa hiyo maji yale yale yanaonekana machache. Ukifungua ukurasa saa tisa mchana utasema ghala ni kavu. Aliyeufungua alfajiri atapiga mayowe. Kwa hiyo ukurasa unaonyesha kipimo cha sasa, cha juu na cha chini kwa siku nzima, na wastani wa siku 7, kwa sababu mahindi yenyewe hayana haraka. Wastani huo ukipita 70, ujumbe mfupi unakwenda kwa watu watatu: mlinzi, mwenyekiti na mweka hazina.

Ya tatu ni kujua cha kuanika na cha kufunika. Unyevu na joto viko wazi kwa mwenye anwani ya ukurasa. Idadi ya magunia haipo, wala mahali ghala lilipo. Mahindi tunayaanika juani ili yakauke. Hakuna anayeanika ufunguo.

Niliona mambo yameiva. Ndipo akaja mnunuzi.

Alikuwa mfanyabiashara kutoka mjini, mtu wa heshima tu, simtaji. Alionyeshwa ukurasa kwenye simu, akaupenda. Jumapili jioni Shangazi akanipigia.

"Mwanangu, huyu mnunuzi anataka uongeze neno moja tu."

"Neno gani, Shangazi?"

"Salama. Ule unyevu ukiwa chini ya sabini yako, ukurasa uandike salama, kwa rangi ya kijani. Ataongeza shilingi mia mbili kwa kila gunia."

Ghalani kulikuwa na magunia 64 ya kilo 90. Fanya hesabu: shilingi 12,800. Muhula wa pili ulikuwa karibu, na katika kikundi hicho hakuna nyumba isiyo na mtoto wa shule. Kwa upande wangu ilikuwa kazi ya dakika mbili. Neno moja, rangi moja.

Nikamwambia kihisi kinapima hewa, hakipimi mahindi. Hakijawahi kugusa punje hata moja. Sumu inaweza kuingia mahindi yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame, au yakiwa yamerundikwa mabichi kwenye uwanja wa mtu kabla hayajaletwa ghalani. Ikishaingia, kukausha hakuitoi, na kuchemsha hakuimalizi. Ghala likiwa kavu, ukungu hauendelei. Basi. Hakuna kinachosema haukuwahi kuwepo.

Shangazi akanyamaza kidogo. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Na wewe unajua kwamba yana sumu?"

"Hapana, Shangazi. Sijui."

"Basi mbona unatukosesha pesa kwa jambo usilolijua?"

Nilimjibu kwamba kwa kuwa sijui, siwezi kuandika kwamba najua. Jibu lilikuwa sahihi, na halikumsaidia hata kidogo. Tukaagana kwa adabu, ile adabu ya baridi.

Nimelifikiria swali lake sana. Sisi watu wa programu tumezoea kudhani kwamba kazi yetu inaishia kwenye namba: 63.2 ni 63.2, atakayeielewa vibaya shauri yake. Lakini mimi ndiye niliyechagua namba gani ionekane, kwa herufi kubwa kiasi gani, na kando ya neno gani. Mnunuzi hakuwa anataka namba, alikuwa tayari nayo. Alikuwa anataka namba ivae kanzu ya cheti. Na cheti kile kingetoka Makueni kwenda kwa watu ambao hawajui kihisi wala ghala, ambao wangeona kijani tu wakasaga unga.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi nikaenda. Shikamoo na chai kwanza, kisha kikao chini ya mti kando ya ghala. Nikaeleza yale yale niliyoyasema kwenye simu. Katibu alikuwa upande wa mnunuzi, na hoja yake haikuwa ya kipumbavu: wafanyabiashara wengine hununua bila kupima chochote, kwa nini sisi tunaopima ndio tuadhibiwe?

Aliyebadilisha kikao ni mama mmoja mzee ambaye hakuwa amesema kitu tangu asubuhi. Alisema, "Mwaka ule mahindi yetu yalikuwa makavu siku tuliyoyala." Kisha akaendelea kuchambua ndengu zake.

Hakuna aliyeongeza. Wote pale walijua ni mwaka gani.

Tukakubaliana maneno matatu ya kutumika kwenye ukurasa: "hewa kavu", "hewa nyevu", na "hatujui". Ni Shangazi aliyeyachagua. Mimi nilikuwa nimependekeza sentensi ndefu yenye tahadhari, akaniambia hakuna anayesoma sentensi ndefu kwenye simu juani. Chini yake kuna mstari mmoja ambao hauwezi kufichwa: "Kipimo hiki ni cha hewa ya ghala. Mahindi hayajapimwa sumu." Rangi ya kijani haipo. Maandishi ni meusi yote.

Mnunuzi aliambiwa hivyo. Hakukasirika, wala hakuongeza zile mia mbili. Alinunua magunia 40 kwa bei ya kawaida ya soko, yaliyobaki wakagawana wenyewe. Kikundi kimeamua kwamba msimu ujao watatoa pesa kwenye sanduku lao wapeleke sampuli ikapimwe kabla ya kuuza. Matokeo yakija, nimeahidi kuyaweka kwenye ukurasa, na tarehe yake, na idadi ya magunia yaliyochotwa sampuli. Hapo ndipo neno lingine litakuwa limepata mahali pa kukaa. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na zisizozidi 5 za aina ya B1. Hiyo ni namba iliyogusa mahindi.

Na je, "hatujui" inasaidia mtu? Nitawapa mfano mmoja. Mwezi Aprili kulikuwa na mawingu siku kadhaa, betri ikaisha, kifaa kikanyamaza usiku. Asubuhi mlinzi akapata ujumbe: hatujui tangu saa saba usiku. Hakunipigia simu mimi. Alichukua ufunguo, akaingia ghalani na chupa ya chumvi, akachota punje kutoka magunia matatu. Chumvi haikushika. Mwenyekiti akajulishwa, betri ikachajiwa. Ukurasa ulioonyesha namba ya jana ungemwacha amelala.

Kwa wale mnaotaka kujenga chenu, iwe ni kwa vifaranga, kwa chumba cha dawa au kwa kuku wa mayai, anzeni na karatasi kabla ya kununua kihisi. Andikeni sentensi moja: kifaa hiki kitapima nini hasa, na hakitapima nini. Mahindi yakiwa ndani ya ile mifuko isiyopitisha hewa, kwa mfano, kihisi cha chumbani hakisemi lolote juu ya yaliyomo. Hapo msisumbuke na mradi huu. Kisha jiulizeni ni nani atakayesoma, saa ngapi, na atafanya nini akiona namba. Kama hakuna cha kufanya, hamna haja ya huduma, mna haja ya kipimajoto cha ukutani.

Msimbo wote nitauweka hapa wiki ijayo, pamoja na ile sehemu ya kubadilisha saa iwe ya Kiswahili, ambayo najua kuna watakaoitaka kuliko kitu kingine chochote. Ukiwa na swali uliza, nitajibu nikipata nafasi.

Shangazi bado ananikumbusha zile elfu kumi na mbili na mia nane kila nikimpigia. Namwambia nitazilipa kwa betri mpya. Anasema betri hailipi karo, na hapo sina jibu.